Kulia ni pa Kupita, Si pa Kukaa

Kilomita sita nzima, kutoka Nala kuelekea Veyula kwenye barabara ya njia nne inayozunguka jiji la Dodoma, nilikuwa nyuma ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilichosheheni matenga ya nyanya. Kilikuwa leni ya kulia, mwendo wa hamsini hivi, na leni ya kushoto ilikuwa nyeupe mbele yake mpaka macho yanapoishia. Nikampigia dereva taa mara moja. Akapunguza mwendo. Nikapiga tena. Akachungulia kwenye saiti mira, akatoa mkono dirishani, akapapasa kamba ya turubai kuona kama imelegea. Alidhani namtahadharisha kuhusu mzigo wake. Mwishowe nikafanya nisichopenda kukifanya, nikampita kwa kushoto.

Tulikutana kituo cha mafuta. Akashuka, kijana wa miaka ishirini na kitu, akanijia moja kwa moja.

"Shikamoo mzee. Kule nyuma ulinipigia taa, kuna kitu uliona?"

"Marahaba. Mzigo wako mzima kabisa. Nilikuwa naomba njia tu. Ulikuwa kulia muda wote."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si ndiyo salama, mzee? Kushoto kuna boda wanaibuka porini bila taa, kuna mifugo, kuna watu wanatembea. Kulia hakuna anayekuja usoni."

Kulia hakuna anayekuja usoni. Nimeendesha gari kanda hii ya kati kwa miaka mingi, na hasira za leni ya kulia nimezibeba mpaka nyumbani, nikazimalizia kwa watu wasiohusika. Lakini sikuwahi kusikia sababu yake ikielezwa kwa maneno machache namna ile. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba tunaowalaumu madereva kwa kukosa ustaarabu tunaiona nusu tu ya jambo.

Karibu sote tunaoendesha huku tumejifunzia barabara ya njia mbili: moja ya kwenda, moja ya kurudi. Ukitoka Morogoro, ukapita Gairo, Kibaigwa, Dodoma, Bahi, Manyoni hadi Singida, sehemu kubwa ya safari ni lami hiyo moja iliyogawanywa na mstari katikati. Kwenye barabara hiyo, kulia si kwako. Kulia ni kwa anayekuja. Unapoazima kwa sekunde chache, unarudisha haraka, na ukichelewa kurudisha unalipa kwa roho yako na za uliowapakia.

Na hiyo lami haibebi magari ya Dodoma peke yake. Ni sehemu ya Ushoroba wa Kati, njia ya mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Congo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori na mzigo wake kufikia tani 56. Kwa sheria zetu, gari linalozidi tani tatu na nusu halitakiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa. Mabasi nayo LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inayafuatilia kwa vifaa vya kielektroniki, na dereva akizidisha mwendo anaonekana. Ni jambo jema, limeokoa watu. Lakini lina tokeo ambalo halizungumzwi: lori na basi sasa vinakwenda karibu mwendo mmoja, na anayetaka kumpita mwenzake anachukua muda mrefu sana kumaliza.

Piga hesabu. Gari dogo lililo kwenye kilomita 100 kwa saa linataka kulipita lori la mita 18 hivi linalokwenda 80. Tofauti yao ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu kwa sekunde. Ukijumlisha urefu wa lori na nafasi ya kutokea nyuma na kurudi mbele kwa usalama, ni kama mita 60. Hizo ni sekunde 11. Katika sekunde 11 wewe umekwenda mita 300, na anayekuja usoni kwa mwendo kama wako naye amekwenda mita 300. Kwa hiyo unahitaji kuona mita 600 mbele zikiwa tupu ndipo utoke. Sasa weka malori matatu yaliyofuatana, yamebanana kiasi kwamba hakuna pa kujificha katikati. Mita 600 zinakuwa zaidi ya kilomita moja. Kwenye vilima vya kuelekea Gairo hakuna mahali unapoona kilomita moja.

Ndiyo maana barabara ile nyembamba ilizaa lugha. Hakuna mwalimu aliyenifundisha darasani. Niliipata njiani, kwa kukaa nyuma ya malori. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia huku halitoki leni yake, linakwambia tulia, kuna mtu anakuja. Likiwasha ya kushoto, linakwambia kweupe, pita. Ukishapita unawasha hazadi mara mbili tatu, au unagusa honi kidogo: asante. Anayekuja mbele akikupepesea taa, ujue kuna trafiki na tochi ya kupimia mwendo, au kuna ajali. Ukiona matawi mabichi yamelazwa kwenye lami, moja, halafu jingine hatua kadhaa mbele, lori limekufa baada ya kona na utingo ndiye aliyekata hayo matawi, pengine kwa panga la kuazima kwa mwanakijiji, jua likiwa utosini.

Hebu tuifikirie vizuri hiyo indiketa ya kushoto. Umekaa chini, huoni kitu ila matope ya nyuma ya tela. Yeye amekaa juu, anaona mbele. Humjui jina wala kabila, huenda ni Mnyarwanda au Mkongo anayerudi kwao. Anakwambia pita, na wewe unawatoa watoto wako waliolala kiti cha nyuma, unawaweka upande wa kifo kwa sekunde 11 kwa sababu ya taa ya mtu huyo. Sijaona imani kubwa kuliko hiyo kati ya watu wasiojuana. Ina hatari zake, kwa kuwa indiketa hiyohiyo ya kulia inaweza kuwa na maana kwamba yeye mwenyewe anataka kutoka, na asiyeijua lugha akaichanganya. Lakini ni adabu, na ni yetu wenyewe.

Adabu hiyo ililindwa na hofu. Kwenye njia mbili, ubinafsi una hukumu ya papo hapo. Ukikaa kulia unakufa, kwa hiyo hukai.

Sisemi barabara nyembamba ni nzuri. Tumezika watu wengi mno kwa sababu yake, na kila nikipita vile vipande vya mteremko nakumbuka nyuso. Hata adabu yenyewe imekuwa ikimomonyoka, hasa Ijumaa jioni. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, watumishi walikuja lakini familia nyingi zilibaki Dar es Salaam na Morogoro. Ijumaa saa kumi magari yanamiminika kuelekea Ihumwa, njia ya kutoka Dodoma kwenda Morogoro, na wakati wa Bunge la bajeti ndiyo usiseme. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imewapunguza watu barabarani, na mimi mwenyewe huipanda nikiwa peke yangu. Malori hayapandi treni hiyo.

Ijumaa moja kati ya Mbande na Kibaigwa tulikuwa msururu: malori mawili, basi, Noah, halafu mimi. Nilikuwa nimeacha nafasi mbele yangu, ile ya kufungia breki. Nyuma likaja gari kubwa jeusi, likatanua, likawapita watu kama sita waliokuwa nyuma yangu kwa mkupuo mmoja. Mbele likatokea fuso la mahindi usoni kwake. Akachomekea kwenye nafasi yangu. Nilikanyaga breki mpaka mkanda ukanikata begani, mke wangu akaweka mikono yote miwili kwenye dashibodi. Nafasi niliyoiacha ili tuwe hai, yeye aliiona kama nafasi niliyomtunzia. Dakika ile nilielewa kwa nini malori yanabanana. Yanakataa kuwatunzia nafasi watu wa namna hiyo, na kwa kukataa huko yanamnyima mahali pa kurudi hata dereva mwenye akili zake.

Sasa tumejengewa barabara pana. Ile ya mzunguko wa nje wa jiji la Dodoma, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2022, ina urefu wa kilomita 112.3 na njia nne, mbili kila upande. Inazunguka Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, na kusudi lake ni kwamba lori la kwenda Rusumo, mpakani na Rwanda, lisiwe na sababu ya kuingia mjini. Ni kazi kubwa na ninaifurahia kwa dhati. Lakini tumewapeleka huko madereva walewale, na kichwa kilekile kilichofunzwa na njia mbili, halafu tukawaondolea anayekuja usoni.

Hapo ndipo kijana wa nyanya alipogusa mzizi. Kilichomrudisha kushoto zamani hakikuwa sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973 na inamtaka dereva akae kushoto. Kilichomrudisha ni taa za lori linalomjia. Taa hizo zimeondoka, na mahali pake hatujaweka kitu. Kwa hiyo amekaa kulia, ametulia, na moyoni anaamini amechagua usalama. Mwenye haraka anatokea nyuma yake, anampiga fulu, anagusa honi mpaka inalia mfululizo, anasogea hadi huoni sahani ya namba. Wa mbele anaona anatishwa, anakaza. Mwingine anapita kushoto kwa mwendo wa kilomita 120, na kushoto huko ndiko kuna mama na ndoo kichwani. Kutanua na kuchomekea, mambo yaliyokuwa ya Ijumaa, yanakuwa ya kila siku.

Malori nayo yameiingia leni ya kulia. Lori la 80 linampita mwenzake wa 77. Tofauti ya kilomita tatu kwa saa ni chini ya mita moja kwa sekunde. Kumaliza zile mita 60 linahitaji zaidi ya dakika moja, na katika dakika hiyo yote mawili yamekwenda kilomita moja na nusu yakiwa sambamba kama ukuta. Kwenye njia mbili hakuna dereva wa lori ambaye angejaribu jambo hilo. Kwenye njia nne analifanya bila wasiwasi, na aliye kushoto hafikirii kulegeza mguu kidogo ili mwenzake amalize. Kulegeza mguu ni sekunde tano. Ninawaomba madereva wa malori, ambao ndio walimu wangu wa lugha ya taa, waliangalie hili.

Kuna neno letu moja linalonisumbua. Mzunguko wa barabara tunauita kipilefti. Limetoka kwenye vibao vya Kiingereza vilivyosimikwa pale vikiagiza kaa kushoto. Vibao viling'oka au vilififia, agizo likapotea, jina likabaki. Leo mtu anakuelekeza, "ukifika kipilefti ingia kulia," na wote wawili mnaelewana vizuri bila hata mmoja kukumbuka kwamba jina lenyewe ni amri. Amri hiyo haikupata nafasi nyingine katika Kiswahili cha barabarani. Hatuna neno jepesi, linalotoka mdomoni kwa utingo na kwa mwalimu wa udereva, la kumwambia mtu umemaliza kupita, rudi.

Nilipojifunza kuendesha nilifundishwa kurudi nyuma kati ya vijiti, kuondoka kwenye mlima bila gari kurudi, kuzijua alama. Kuhusu kuchagua leni sikufundishwa hata dakika moja, na kwa kweli wakati ule ingekuwa kama kufundisha kuogelea mahali pasipo na maji. Sasa maji yapo. Mkufunzi wa Dodoma anaweza kumpeleka mwanafunzi wake barabara ya njia nne na kurudi naye kabla ya chakula cha mchana. Akae kushoto, atazame kioo, awashe indiketa, apite, atazame kioo tena, arudi. Mara kumi. Mtahini naye aliulize jambo hilo barabarani, asiliulize kwenye karatasi.

Trafiki wetu wana tochi, na tochi inapima kitu kimoja. Ukipita kijijini kwenye kibao cha 50 ukiwa na 58, faini ni shilingi 30,000 na namba inasomeka, hakuna ubishi. Nakubali; watoto wanavuka pale. Lakini anayekaa kulia na 50 mahali pa wazi, akiwasukuma watu arobaini wampite kushoto, tochi inamwona kuwa dereva bora kuliko wote. Katika miaka yangu yote sijaona mtu akisimamishwa kwa kosa hilo. Kosa ambalo halijawahi kumsimamisha mtu, watu hawalihesabu kuwa ni kosa. Pikipiki mbili za doria zikizunguka, zikimwonyesha dereva kwa mkono sogea kushoto, hata bila faini kwa miezi ya mwanzo, zingefundisha zaidi ya semina.

Na magari ya umma yaanze. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu Dodoma ndiyo makao ya Serikali, na dereva wa kirikuu anamtazama dereva wa shangingi kama mtu aliyesomeshwa kazi hiyo. Shangingi likikaa kulia kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho, hata pasipo na wa kumpita, kulia kunageuka cheo. Kijana naye atataka kupanda huko.

Hata hivyo siwezi kumwambia arudi kushoto halafu nikafumba macho nisikione kilichoko kushoto. Alisema kweli, tena kuliko alivyojua. Boda aliyetoka kijijini anakuta sehemu ya kugeuzia iko mbali, hivyo anakuja kinyume, pembeni mwa leni ya kushoto, na usiku taa yake ama haiwaki au inakumulika usoni. Kwa maneno mengine, kwenye barabara tuliyoijenga ili pasiwe na anayekuja usoni, anayekuja usoni yuko kushoto. Ng'ombe wa Wagogo walikuwepo kabla ya lami na njia zao za kwenda kunywa maji hazikuhama. Mchungaji, mara nyingi mtoto wa miaka kumi, anasimama na fimbo begani akisubiri leni nne zitulie kwa wakati mmoja. Bajaji zinasimama popote abiria anapoinua mkono. Kwa hali hiyo kukaa kushoto ni kazi, na kulia ni kupumzika.

Kwa hiyo wanaojenga na kutunza, yaani TANROADS, wakala wa barabara kuu, kwa barabara hii, wana sehemu yao, na haihitaji fedha za kutisha. Njia ya pembeni ya pikipiki na watembea kwa miguu mahali palipo na makazi. Sehemu za kugeuzia zinazofuata vijiji vilipo. Vivuko vya mifugo panapojulikana. Vituo vya bajaji nje ya lami. Na vibao kwa Kiswahili kikubwa, kila baada ya kilomita chache, Nala, Veyula, Ihumwa, Matumbulu: KAA KUSHOTO, PITA KULIA. Maneno manne. Nimeyatafuta kwenye vipande ninavyopita, sijayaona.

Haya yote nilimweleza kijana pale kituoni, si kwa mpangilio huu, huku mhudumu akimjazia mafuta ya elfu kumi. Alisikiliza vizuri. Alikubali kwamba nilimfuata kilomita sita, akaomba radhi bila kuambiwa. Kisha akauliza swali ambalo ninaendelea kulifikiria.

"Sawa mzee, nikae kushoto. Nikikuta lori limekufa mbele, matawi hayo, na kulia kuna foleni ya magari ya mwendo mkali, nikiwasha indiketa nitoke, nani ataniachia? Mimi na kirikuu? Wataniacha nisimame pale mpaka usiku."

Nikakumbuka Noah na basi na lile gari jeusi kabla ya Kibaigwa, na jinsi nilivyoapa siku ile kutoacha tena nafasi mbele yangu.

"Mimi nitakuachia," nikamwambia.

Akafunga mfuniko wa tangi, akaukaza mara mbili. "Wewe ni mmoja, mzee," akasema, akapanda gari.